Kelele Isiyo na Mwenyewe

Hedifoni zinazozima kelele zilizaliwa angani, na mpaka leo zinafanya kazi kana kwamba bado ziko huko. Asili hiyo inaeleza mengi: kwa nini zinaumudu mngurumo wa basi la mkoani, kwa nini zinashindwa na kicheko cha mtoto, na kwa nini mtu wa Dar es Salaam anayetaka kujua kama laki tatu zake zimekwenda mahali pazuri hawezi kutegemea ushauri wa mtu anayeishi kati ya uwanja wa ndege na ofisi yenye zulia.

Wazo lenyewe lina umri. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936. Alisema ukiinasa sauti kwa maikrofoni, ukaigeuza kinyume na kuirudisha kwa spika, sauti hizo mbili zitafutana. Hesabu ilikubali, ila vifaa vya umeme vya wakati ule havikuiweza. Mwaka 1978 Amar Bose, mhandisi na mwalimu wa chuo cha MIT, alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Akavaa hedifoni walizogawiwa abiria, akakuta injini zinaumeza muziki, na safarini humohumo akaanza kuandika hesabu za namna ya kuziondoa injini masikioni. Desemba 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa siku 9 bila kutua katika ndege yao ndogo iitwayo Voyager, walikuwa na hedifoni za majaribio za kampuni ya Bose. Mwaka 1989 marubani wakaanza kuuziwa za kwao, na mwaka 2000 zikaja za abiria. Tangu hapo bei imekuwa ikishuka ngazi kwa ngazi, hadi zikafika kwenye kabati za vioo za Kariakoo.

Namna zinavyofanya kazi inaeleweka bila shule nyingi. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Maikrofoni iliyo kwenye kikombe cha hedifoni inausikia msukumo unaokuja, chipu inatengeneza msukumo wa kinyume, spika inautoa. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja ndani na mwingine nje, kwa nguvu sawasawa: mlango hautikisiki. Ugumu uko kwenye muda. Mngurumo wa hezi 100 unatumia sehemu moja ya mia ya sekunde kukamilisha wimbi moja, na wimbi hilo lina urefu wa kama mita tatu na nusu, kwa hiyo kifaa kikichelewa kidogo hakiharibu kitu. Sauti ya hezi 4,000 inakamilisha wimbi lake katika robo ya elfu moja ya sekunde, na urefu wake haufiki sentimita tisa. Hapo ukichelewa kidogo tu, msukumo wa kinyume unakuta wimbi limeshapita, na badala ya kufuta kelele unaweza ukaiongeza. Ndiyo maana watengenezaji huziachia sponji kazi ya kuzuia sauti nyembamba, na umeme hushughulika na sauti nene, zile za chini ya hezi 1,000 hivi, hasa zinazoendelea bila kubadilika. Injini ya ndege ni sauti ya namna hiyo hasa.

Sasa ishushe hedifoni hiyo Kariakoo. Nayo inakuta kazi yake: jenereta lililowekwa mlangoni mwa duka, kiyoyozi cha benki kinachodondoshea wapita njia maji, daladala iliyosimama inaunguruma ikisubiri kujaa. Bonyeza kitufe, vyote vinarudi nyuma. Halafu sikiliza kinachobaki. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Mpaka rangi za kucha anagongesha vichupa vyake. Muuza karanga na sigara anachezesha sarafu kiganjani. Fundi viatu anapiga brashi kwenye kisanduku chake. Hakuna kati yao anayetamka neno, na wenyeji wote wanajua nani anapita. Kila mmoja amejichagulia sauti fupi, kali, nyembamba, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopenya mjini. Machinga amelitatua fumbo la Lueg kutoka upande wa pili: ukitaka kusikika penye injini, usishindane na injini kwa unene, pita juu yake. Na sauti inayopita juu ya injini ndiyo hiyohiyo ambayo chipu haiwahi kuikamata. Sponji inaipunguza makali, lakini inafika, na inafika peke yake, bila mngurumo uliokuwa ukiifunika.

Kwa hiyo kifaa kilichobuniwa bila kumfikiria muuza kahawa kinamtenga vizuri kabisa na jenereta. Kinaondoa kelele ambayo haikutolewa kwa ajili ya mtu yeyote, na kuacha sauti ambayo mtu ameitoa ili mwenzake aisikie. Injini haingurumi kwa ajili yangu. Vikombe vinagongwa kwa ajili yangu. Mpaka huo umewekwa na fizikia, haukuwekwa na adabu ya mhandisi yeyote, lakini katika mji kama huu unaangukia karibu mahali ambapo adabu ingeuweka. Tangu nilipoliona hilo, swali langu kuhusu hedifoni limegeuka. Wachambuzi wanauliza inazima kiasi gani. Mimi nauliza inamwacha nani.

Swali hilo linaigeuza pia bei. Hedifoni yangu iko katika kundi ambalo wauzaji huliita la bei ya kati, na ni haki mtu kuuliza: kati ya nini na nini? Katika soko la dunia, kati ni dola 100 hadi 200. Juu yake ziko za dola 400, chini yake ziko za dola 30. Ukizigeuza kuwa shilingi unapata kuanzia laki mbili na nusu hadi laki tano, pesa ambayo Mbagala au Gongo la Mboto mtu anapangia chumba kwa miezi kadhaa. Hatua chache kutoka kwenye duka la vioo, mezani kando ya barabara, kuna hedifoni ya elfu ishirini yenye jina la kampuni ambayo haijawahi kuiona. Ina taa ya bluu, ina besi ya kuitosheleza singeli, na yale maandishi ya kuzima kelele yaliyo kwenye boksi hayana kitu ndani yake. Kwa hiyo kati ya kiwandani ni juu ya huku kwetu, na anayeinunua hapaswi kujiona ni mtu wa kawaida aliyenunua kitu cha kawaida.

Hata hivyo, kwa mwenye pesa hiyo, kati ni mahali pazuri pa kusimama. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali, akakuta bei haina uhusiano na jinsi hedifoni inavyozigawa sauti nene na nyembamba. Maana yake, kulipa mara kumi si tiketi ya muziki ulionyooka zaidi. Vitu vingine navyo vimeshuka hadi ngazi hii. Sony WH-CH720N, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 150, ina uzito wa gramu 192 na imeandikiwa saa 35 za chaji huku ikizima kelele; ni nyepesi kuliko nyingi za bei kubwa. Ukiongeza pesa unapata plastiki ngumu zaidi, kikoba cha kuhifadhia, maikrofoni nyingi zaidi, na uwezo wa kuzima unaopanda juu zaidi kwenye masafa, hadi unazigusa sauti za watu.

Hapo kwenye sauti za watu ndipo ninapoikataa ngazi ya juu. Nimewahi kuvaa hedifoni ya bei kubwa ya mfanyakazi mwenzangu, wimbo wa taratibu ukiwa unapiga. Mama anayetuletea chai alisimama mezani kwangu, midomo ikamcheza, nikalazimika kubahatisha kama anauliza sukari au anadai hela ya jana. Kwa mtu aliye ndani ya ndege kwa saa kumi, huo ni ushindi. Kwangu ilikuwa ni kulipa mara mbili ili nimpoteze mama wa chai. Hedifoni yangu ya bei ya kati ingeniletea swali lake, japo kwa sauti ndogo, na ningemjibu.

Kuziachia sauti za watu kuna vichekesho vyake pia, na ndani ya basi la mkoani ndimo vinamokaa. Panda basi Stendi ya Magufuli kwenda Mbeya. Kabla hujafika Chalinze televisheni imeshawashwa, na filamu imeanza kwa sauti inayogombana na injini. Bonyeza kitufe chako. Injini inaondoka, na mazungumzo ya filamu, ambayo mwanzo ulikuwa unayasikia nusunusu, sasa unayasikia neno kwa neno: mama mkwe anasema nini, mkamwana analia vipi, nani ameficha hati ya nyumba. Umetoa laki tatu ili uielewe vizuri filamu ambayo hukuiomba. Dawa ni kuwasha cha kwako, na hapo faida ya pili ya kifaa inajitokeza, kwani hulazimiki kukipandisha sana.

Faida hiyo ingetosha peke yake kuitetea hedifoni ya namna hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza. Mwongozo wake unampa mtu mzima saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, lakini ikifika desibeli 90 saa hizo zinabaki 4. Anayesikiliza kwa hedifoni ya elfu ishirini ndani ya daladala hana budi kupandisha sauti juu ya injini ili amsikie mwimbaji, na injini peke yake imeshaanza kuyala masikio. Aliyeiondoa injini anaweza kusikiliza kwa sauti ya sebuleni. Tofauti ya bei kati ya hedifoni hizo mbili inalipwa kwa masikio, na deni lake huja uzeeni, wakati mtu hakumbuki tena alikopa wapi.

Wanaozipima hedifoni hukaa nazo wiki moja au mbili, wakaandika hukumu, wakazirudisha. Mmiliki anaanza kuijua ya kwake baada ya hapo. Ya kwangu ilianza kujieleza msimu wa joto. Vikombe vyake vimevikwa ngozi bandia, na ngozi hiyo ina maadui wawili, joto na unyevu, ambao Dar es Salaam wote wawili ni wenyeji. Ilianza kubabuka ukingoni, magamba meusi madogo yakawa yananibaki shavuni na kwenye kola. Sponji mpya za aina yangu sikuzipata madukani, nikaenda kwa fundi anayeshona viti vya bodaboda. Akaigeuzageuza hedifoni mkononi, akakibonyeza kikombe kwa kidole gumba, akanusa ile ngozi. "Dada," akasema, "hiki kitu kimetengenezewa nchi za baridi." Akakata kipande cha kitambaa chepesi cha kiti, akakishona kwa mkono, kazi safi kuliko ya kiwandani. Jasho likapungua. Lakini besi nayo ikapungua, na mngurumo wa feni ukarudi kidogo, kwa sababu uwezo wote wa kifaa unategemea kikombe kuziba sawasawa kuzunguka sikio, na kitambaa kinapitisha hewa.

Suala la kuziba lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wanaoandika vipimo. Vipimo vingi hufanywa kwa kichwa cha bandia chenye masikio ya mpira na maikrofoni ndani. Kichwa hicho hakijasuka yebo yebo, hakivai ushungi, hakina miwani wala kilemba. Mwanamke aliyevaa ushungi ana njia mbili: aivae hedifoni juu ya kitambaa, kelele ipite kwenye mikunjo, au aivae ndani ya kitambaa, vitufe vifichike, maikrofoni zifunikwe na msuguano wa nguo usikike masikioni. Mwenye rasta nene anakuta utepe wa kichwani umekaa juu kama kiota na vikombe havifiki chini. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni kasoro ya kifaa kwa maana ya kuharibika. Ila ukisoma kwamba hedifoni fulani inapunguza desibeli kadhaa, jua ni desibeli za kile kichwa. Za kwako utazijua ukiivaa dukani, na muuzaji anayekataza kujaribu amekwambia unachohitaji kujua.

Jambo lingine linalojulikana kwa kukaa nacho ni kwamba kifaa kinamhudumia mvaaji peke yake. Siku moja mama alinipigia nikiwa ofisini, hedifoni kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Uko mashineni?" Nikashangaa, nikamjibu niko ofisini na pametulia kabisa. "Pametulia?" akasema. "Mbona nasikia wanasaga?" Jenereta la jengo lilikuwa linaunguruma chini ya dirisha langu. Chipu ilikuwa imelifuta masikioni mwangu, na maikrofoni yake ya kuzungumzia ikawa inambebea mama lilivyo. Kusafisha sauti inayoondoka ni kazi tofauti na kusafisha inayoingia, na katika bei ya kati ndiyo inayofanywa kwa mkono wa kushoto. Mama hakuuamini utulivu wangu, na alikuwa na haki. Kati yetu wawili, yeye aliyekuwa mbali ndiye aliyekuwa anaisikia ofisi yangu.

Watengenezaji wanajua kwamba mtu anaweza kujitenga kupita kiasi, kwa hiyo wameweka kitufe cha kinyume chake, kinachoziingiza sauti za nje kupitia maikrofoni. Unaweza kuzungumza na muuza duka bila kuvua. Kwa ufundi, kinafanya kazi. Uraiani, kina tatizo ambalo hakuna programu itakayolitatua: mwenzako hajui kama umekibonyeza. Mzee anayekatiza kibarazani anaona vikombe viwili vyeusi, basi. Mtoto aliyefundishwa kuamkia wakubwa anakuangalia, anaona umefungwa, anaimeza shikamoo yake. Unayasikia yote na umeshawanyima nafasi. Kwetu usikivu huonyeshwa kabla ya kutumika; mtu hugeuza uso, huinama kidogo, husogeza kofia. Hedifoni shingoni inasema niko hapa. Ikiwa kichwani haisemi hivyo, hata kama masikio yamefunguliwa kwa umeme. Kwa hiyo kipimo changu cha ubora, ambacho sijakiona kwenye ukurasa wa mchambuzi yeyote, ni urahisi wa kuivua. Je, inashuka shingoni kwa mkono mmoja, huku mwingine umebeba mfuko wa nyanya? Inakaa hapo bila kukukaba? Wimbo unajisimamisha wenyewe? Ya kwangu inafaulu mawili ya kwanza. La tatu linafanywa na zile za juu zaidi, na hapo nakiri kuzionea wivu kidogo.

Mpaka hapa nimeizungumzia kelele ya injini kama kitu kisicho na mwenyewe, na ndivyo masikio yanavyoipokea. Ukweli ni kwamba jenereta lina mwenyewe. Yuko ndani, amefunga vioo, amewasha kiyoyozi, na mtambo ameuelekeza kwetu. Baa ina mwenyewe, na kiwanda cha mbao cha mtaani kina mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zikatungwa mwaka 2015 kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na chombo cha taifa cha mazingira. Serikali za mitaa zipo, na mjumbe wa nyumba kumi anajulikana kwake. Njia ya malalamiko iko wazi, ingawa ni ndefu na inachosha. Hedifoni inatoa njia fupi: mwenye laki tatu anaitoka kelele bila kumuudhi mtu, na malalamiko yanabaki kwa wale wasioweza kuinunua, ambao mara nyingi ndio wanaosikilizwa kwa shida zaidi. Kila anayejizibia anaondoa sauti mbili mtaani, ya jenereta masikioni mwake na ya kwake mwenyewe kwenye kikao cha mtaa. Hiyo ya pili haimo kwenye vipimo vya desibeli.

Nikiulizwa basi kama hedifoni ya bei ya kati inafaa, nasema inafaa. Nunua inayokuziba wewe, na kichwa chako kama kilivyo siku za kawaida. Hakikisha inakubali waya, kwa sababu betri itachoka kabla ya spika. Usilipe zaidi ili uwanyamazishe watu. Lipa cha kutosha kunyamazisha mitambo. Ikikuacha umsikie muuza kahawa, imefika mahali pazuri, hata kama mchambuzi ameikata alama kwa hilo. Na usiku jenereta la jirani likiwaka saa sita, ivue kwanza, ulisikilize lilivyo, ndipo uamue kama ni la kuvumilia au la kwenda kumgongea mlango mwenyewe.